Majani ya asumini na bogenvilia yakigeuka njano, tazama kabla ya kunyunyiza

Mtu aingiaye katika duka la pembejeo akiwa ameshika jani la njano, iwe ni Mombasa, Unguja au Maskati, aghalabu hutoka na chupa ya dawa ya kuua wadudu. Muuzaji ameulizwa kama ana "dawa ya majani", naye ameuza alicho nacho. Wiki tatu baadaye chupa imekwisha, majani ni yale yale ya njano, na mwenye bustani ameanza kulitafuta panga.

Hasara ya kwanza ni ya fedha. Ya pili ni nzito zaidi, hasa kwa asumini. Mmea huu si pambo la ukutani tu. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki maua yake huchumwa yangali matumba, yakatungwa uzi, yakavaliwa nyweleni, yakatiwa katika kikuba pamoja na rehani na mkadi, na kumwagwa kitandani mwa maharusi. Ua linalolala usiku kucha karibu na pua na ngozi ya binadamu halifai kunyunyiziwa sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba la pamba, na yule anayelinunua sokoni hana njia ya kujua kama limenyunyiziwa.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya majani katika maua yatambaayo haitokani na wadudu wala na ugonjwa wa kuambukiza. Hutokana na udongo, maji na mizizi. Na kinachosaidia zaidi kuyatambua si rangi ya jani, kama wengi wanavyodhani, bali ni mahali lilipo jani la kwanza kuugua.

Jani la zamani au jani changa?

Madini yanayoulisha mmea yana tabia mbili tofauti. Nitrojeni, magnesiamu na potasiamu huweza kuhamishwa ndani ya mmea. Yakipungua, mmea huyatoa katika majani ya zamani na kuyapeleka kwenye machipukizi, mithili ya familia inayouza samani za sebuleni ili mtoto apate karo. Hivyo basi, njaa ya madini hayo huonekana chini, katika majani yaliyo karibu na shina, ilhali ncha za matawi zingali kijani.

Chuma, manganisi na kalisi hayahamishiki kirahisi. Jani lililokwisha kupata sehemu yake hubaki nayo. Yakipungua, anayekosa ni jani changa lililozaliwa jana. Majani ya zamani hubaki kijani kibichi, na ncha ya tawi ndiyo inayofifia.

Kwa kutazama hilo peke yake, mwenye bustani amekwisha kuondoa nusu ya mashaka yake. Hatua ya pili ni kutazama mishipa ya jani. Jani la zamani lililopauka lote kwa usawa, na mmea mzima ukiwa umedumaa, huashiria upungufu wa nitrojeni. Jani la zamani lililogeuka njano kati ya mishipa, huku mishipa yenyewe na eneo linaloizunguka vikibaki kijani, huashiria upungufu wa magnesiamu. Jani changa la njano, au hata jeupe, lenye mishipa myembamba ya kijani iliyochorwa kama wavu wa kuvulia, ni dalili mashuhuri ya upungufu wa chuma.

Nitrojeni hurudishwa kwa samadi iliyooza vizuri au mboji. Hapa panahitaji kiasi. Bogenvilia inayolishwa nitrojeni kupita kiasi hunenepa majani na kusahau maua, na asumini hutoa machipukizi laini ambayo vidukari huyapenda mno. Kwa magnesiamu dawa ni ile ile waliyoitumia wazee kwa matumbo yao, yaani chumvi ya haluli. Gramu 20 huyeyushwa katika lita moja ya maji na kunyunyiziwa majani siku isiyo na jua kali, kisha hurudiwa baada ya majuma mawili. Kabla ya hapo ni vyema kujiuliza kama mmea haukupewa mbolea nyingi ya potasiamu, kwani potasiamu ikizidi huizuia magnesiamu isiingie mizizini, na katika hali hiyo mtu anayeongeza mbolea ya maua kila wiki ndiye anayeutafuta ugonjwa.

Chokaa iliyofichika

Upungufu wa chuma unastahili maelezo marefu, kwa sababu ndio unaoyasumbua maua yatambaayo katika sehemu nyingi ambako Waswahili wanaishi, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko mengine.

Kinyume cha jina lake, mara nyingi upungufu huu hautokani na udongo kukosa chuma. Chuma kimo tele. Lakini katika udongo wenye chokaa nyingi, chuma hugeuka kuwa hali isiyoyeyuka majini, na mizizi hainywi kisichoyeyuka. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni katikati. Udongo wenye chokaa aghalabu husimama kati ya 7.5 na 8.5, na hapo ndipo bogenvilia, asumini na mimea mingine mingi huanza kuona njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Ardhi ya maweni ya mashariki ya Unguja, pamoja na ukanda wa matumbawe unaofuata pwani ya Kenya na Tanzania, ni chokaa tupu chini ya tabaka jembamba la udongo. Sehemu kubwa ya udongo wa Oman na nchi jirani za Ghuba una chokaa vilevile. Jijini London maji ya bomba yana chokaa nyingi, ile ile inayoganda ndani ya birika, na mmea wa chungu unaomwagiliwa maji hayo mwaka baada ya mwaka hujikuta katika udongo tofauti kabisa na ule uliopandiwa.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii. Maua yatambaayo hupandwa ukutani, na ukuta una saruji au chokaa. Katika miji ya kale kama Mji Mkongwe na Lamu, lipu huanguka kidogo kidogo na kila msimu wa mvua huteremsha chokaa zaidi kwenye mashina. Katika nyumba mpya, fundi huufukia msingi kwa mabaki ya saruji na kokoto, na bustani hupandwa juu yake. Mmea ulio hatua tatu kutoka ukutani huwa kijani, na pacha wake aliyepandwa ukutani huwa wa njano, na wenyewe wakasema pengine kuna jicho baya.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua konzi ya udongo mkavu kutoka kwenye mizizi, uweke katika kisahani, uumwagie siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Usipochemka, sababu ya unjano itafutwe kwingine.

Tiba iliyozoeleka ya kufukia misumari yenye kutu au makopo chini ya mmea haisaidii katika udongo wa namna hii. Kutu ni chuma kilichokwisha kuwa katika hali isiyoyeyuka; kuongeza kutu katika udongo wenye chokaa ni kuongeza kile ambacho mizizi tayari imeshindwa kukila. Kinachofaa ni chuma kilichofungwa ndani ya kiungo maalumu cha kemikali ili chokaa isikiguse, ambacho wauzaji wengi hukiita chuma cha keleti. Lakini keleti si moja. Anayenunua asome herufi zilizoandikwa kwenye pakiti. Yenye herufi EDTA huvunjika udongo unapozidi pH ya 6.5 hivi, kwa hiyo katika maweni au Maskati ni fedha iliyomwagwa, ingawa yaweza kunyunyiziwa juu ya majani. Yenye herufi EDDHA, ambayo unga wake ni mwekundu uliokoza, huvumilia hata udongo wenye chokaa nyingi. Ni ghali zaidi, na ndiyo inayofanya kazi.

Pamoja na hayo, mboji itandazwe juu ya mizizi, maji ya mvua yakingwe kila yanapopatikana, na mmea wa chungu ubadilishiwe udongo. Unga wa kiberiti hupunguza ukali wa chokaa polepole kwa miezi, lakini mahali ambapo mwamba wenyewe ni chokaa, ni sawa na kuifuta bahari kwa kitambaa. Huko ni heri kuupanda mmea ndani ya pipa au chungu kikubwa na kuuacha upande ukuta ukitokea humo.

Jani lililogeuka njano kwa muda mrefu halitarajiwi kurudia kijani chote. Dawa hupimwa kwa majani mapya yanayochipua baada yake.

Maji mengi, na maji ya chumvi

Mizizi huvuta hewa. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi iliyokosa hewa hufa na kuoza, kisha majani hunyauka kana kwamba yana kiu. Hapo ndipo mwenye bustani mwenye huruma huongeza maji, na kuumaliza mmea kabisa.

Bogenvilia ndiyo inayoteseka zaidi kwa huruma ya namna hii. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, aliyekuwa katika msafara wa baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, na ikapewa jina la mkuu wa safari. Kile tunachokiita ua lake, chekundu, zambarau au cheupe, kwa hakika ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichomo katikati. Mmea huo huchanua vyema zaidi udongo wake unapoachwa ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Kidole kikiingizwa hadi kifundo cha pili na kikatoka na unyevu, maji yangoje.

Tofauti ya kiu na kuoza hupatikana kwa kugusa. Jani la mmea wenye kiu huwa kavu na jepesi, na mmea huinuka saa chache baada ya kumwagiliwa. Jani la mmea uliooza mizizi huwa laini na la njano, huanguka kwa kuguswa tu, na udongo huwa na harufu ya kuvunda. Katika vyungu, sababu ni tundu la chini lililoziba au kisahani kilichoachwa na maji. Mmea utolewe, mizizi myeusi na laini ikatwe, ile myeupe na migumu ibakizwe, upandwe upya katika udongo wenye mchanga, na matawi yapunguzwe ili mizizi michache iliyosalia isielemewe.

Katika Ghuba kuna balaa la ziada. Kwenye pwani ya Al Batinah nchini Oman, kuvutwa kwa maji mengi kutoka visimani kumeyakaribisha maji ya bahari chini ya ardhi, na visima vingi vimeingia chumvi. Jani lenye chumvi huungua kuanzia nchani na pembeni, likawa na ukingo wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, huku katikati pangali kijani. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku huzidisha tatizo, maana maji hupaa na chumvi hubaki. Inafaa kumwagilia kwa nafasi na kwa wingi, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi, mradi udongo uwe unapitisha maji. Waliopata maji matamu wayatumie kwa kazi hiyo japo mara moja kwa mwezi.

Kwa wenzetu walioko Uingereza, Ulaya ya kaskazini au kaskazini mwa Marekani, ni vyema kuongeza neno moja. Bogenvilia iliyoingizwa ndani majira ya baridi hupukutisha majani yake karibu yote. Si ugonjwa. Mwanga umepungua nao umejifunga. Kwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mmea u hai, na kinachotakiwa ni kuupunguzia maji hadi siku zirefuke.

Wadudu, na sisimizi wanaowachunga

Wadudu hujitangaza wakitafutwa upande wa chini wa jani, mahali ambapo watu wachache huangalia.

Majani yakiwa na utando mweusi kama masizi ya jikoni, usianze na masizi. Hayo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu, na utomvu huo umemwagwa na wadudu wanaofyonza: vidukari, inzi weupe, wadudu wa magamba, au vidung'ata wenye vazi la pamba. Wakiondolewa wadudu, masizi hukosa chakula na yanaweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Msururu wa sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ni ushahidi ule ule, kwani sisimizi huwachunga wafyonzaji hao kama mifugo, wakinywa utomvu wao na kuwafukuza maadui zao. Hata hivyo si kila sisimizi auawe. Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wana sifa yao: watafiti waliofanya kazi Unguja katika miaka ya 1950 walieleza jinsi wanavyowalinda minazi dhidi ya mdudu anayeziharibu nazi changa. Penye mnazi karibu na asumini, kuna hesabu ya kufanywa.

Jani lenye vitone vingi vidogo vya njano au fedha, likipakaa vumbi jekundu kidoleni na kuwa na utando mwembamba chini yake, lina utitiri mwekundu. Huyu hustawi wakati wa kiangazi na katika kuta zenye joto. Jani la asumini lililoota manyoya meupe kama kitambaa cha fulana lina utitiri wa aina nyingine, mdogo asiyeonekana kwa macho, uitwao na wanasayansi Aceria jasmini. Majani hayo hukatwa na kuchomwa. Na majani ya bogenvilia yaliyotafunwa pembeni usiku mmoja, bila mdudu yeyote kuonekana asubuhi, ni kazi ya viwavi wanaokula gizani na mchana kujinyoosha wakifanana na kijiti. Njia ya kuwapata ni kutoka na kurunzi saa tatu za usiku.

Kwa karibu wote hao, hatua ya kwanza ni maji. Mpira wa bustani wenye nguvu, ukielekezwa chini ya majani asubuhi mara tatu kwa wiki, huangusha vidukari na kuwavuruga utitiri ambao hawapendi unyevu. Hatua ya pili ni sabuni halisi, si unga wa kufulia, kwani huo una kemikali ziunguzazo majani. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja, au sabuni ya mche iliyoparuzwa na kuyeyushwa, hunyunyiziwa jioni hadi dawa iwaguse wadudu wenyewe, maana ikikauka haina nguvu tena. Jaribu majani machache kwanza na ungoje siku mbili. Mafuta ya mwarobaini hufuata, nayo yasinyunyiziwe juu ya maua yaliyofunguka wala ya kuvaliwa.

Dawa zinazopenya ndani ya mmea zina hatari yake, nayo inatajwa mara chache madukani. Zikinyonywa na mizizi, hufika hadi kwenye utomvu wa ua, na nyuki hunywa humo. Ni kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi, ikiwamo imidakloprid ambayo bado huuzwa katika nchi nyingi nje ya umoja huo. Mbaya kuliko zote ni ile inayopimwa na muuzaji na kutiwa katika chupa ya soda isiyo na jina. Huijui ni nini, hujui kipimo chake, na mtoto akiiona kwenye rafu atadhani ni soda.

Madoa na ukungu

Madoa ya bogenvilia huwatisha watu kupita kiasi. Madogo, ya kahawia au mekundu, yenye duara la njano, huletwa na ukungu au na bakteria, na yote mawili huenezwa na maji yanayoruka kutoka jani hadi jani. Hustawi masika na hupungua kiangazi. Majani yaliyoanguka yafagiliwe na kuchomwa, matawi ya ndani yapunguzwe hewa ipite, na maji yamwagwe chini, si juu ya majani. Hayo matatu hutosha katika bustani nyingi.

Kuna ukungu wa aina mbili unaochanganywa. Ubwiri unga hukaa juu ya jani kama unga wa ngano uliopulizwa, nao hauhitaji jani lililolowa. Huja siku kavu zenye usiku wa unyevu, hasa mizizi ikiwa na kiu. Ubwiri vinyoya huonekana kama mabaka ya njano juu, na manyoya ya kijivu chini, na hauwezi kuenea bila majani kulowa. Wa kwanza hupungua mizizi ikinyweshwa. Wa pili hupungua majani yakikaushwa.

Dawa ya zamani ya ubwiri vinyoya ina kisa chake. Ugonjwa huo ulipoingia katika mizabibu ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1870, wakulima wa Médoc walikuwa na desturi ya kuipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, uchukize macho na wapita njia wasiibe zabibu. Mwaka 1882 Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa Bordeaux, aliona kwamba mizabibu iliyopakwa ilikuwa na majani, na ile ya ndani ya shamba imepukutika. Alichapisha matokeo ya majaribio yake mwaka 1885, na mchanganyiko huo ukaenea duniani. Bado una nguvu, lakini ni kinga tu; hauliponyi jani lililokwisha kuugua. Shaba yake haiozi wala haipotei, hujikusanya ardhini na kuwadhuru nyungunyungu, na ndiyo maana Ulaya imeiwekea mipaka. Penye kuta za chokaa, kuongeza mchanganyiko wenye chokaa kwa ajili ya madoa machache ni gharama isiyo na faida.

Wanaoishi Uingereza watakutana na balaa la klematisi, ua mtambazi linalopendwa sana huko. Shina lililokuwa zima asubuhi hunyauka ghafla, majani yakawa meusi hadi kwenye vikonyo. Ni ukungu unaoingia shinani, na aina zenye maua makubwa ndizo zinazouawa zaidi. Shina hukatwa hadi penye uzima, hata ikibidi kufika ardhini, na mabaki kuchomwa. Mmea uliopandwa kwa kina, macho mawili matatu yakiwa chini ya udongo, mara nyingi huchipua tena msimu huo huo au unaofuata. Wengi huung'oa mapema mno.

Yale yasiyo na dawa

Virusi havina tiba. Anayeuza dawa ya virusi vya mimea anauza maji. Mfano ulio wazi kwetu ni pasheni, mtambazi wenye ua la kupendeza na tunda la biashara. Nchini Kenya na Uganda virusi vimewamaliza wakulima wengi: majani hupata mabaka ya kijani kilichofifia na kijani kilichokoza, hukunjamana, na tunda huwa gumu kama ubao na dogo. Vidukari huvihamisha kwa kuonja jani moja na kuruka kwenda lingine, kazi ya sekunde hadi dakika chache, kwa hiyo dawa ya kuua vidukari huwaua wakiwa wameshaambukiza. Kisu cha kupogolea nacho hueneza. Mmea wenye dalili hizo hung'olewa na kuchomwa siku hiyo hiyo, kisu huchovywa katika maji ya klorini ya kufulia, na miche mipya hununuliwa kwa mtu anayeaminika, mbali na shamba lililougua.

Dalili zinazofanana na virusi huletwa pia na sumu ya magugu. Majani hukunjika kama kikombe au hurefuka kama mkanda, mishipa ikakaribiana. Huenda jirani amenyunyizia nyasi zake siku ya upepo. Huenda pia sumu imekuja ndani ya samadi. Mwaka 2008 nchini Uingereza wakulima wengi wa bustani waliona nyanya, maharage na viazi vyao vikipindapinda. Ilibainika kwamba malisho yalikuwa yamenyunyiziwa dawa ya magugu iitwayo aminopiralid, ng'ombe na farasi wakala nyasi, na dawa ikapita tumboni bila kuvunjika. Uuzaji wake ulisimamishwa mwaka huo, kisha ukaruhusiwa tena kwa masharti. Samadi usiyoijua asili yake hupimwa kwa kupanda maharage machache katika kikopo chenye mchanganyiko wake. Majani ya maharage yakipinda, samadi hiyo isiufikie mwasumini.

Kupeleka kielelezo

Mashaka yakibaki, kuna wa kuulizwa. Mpango wa Plantwise wa shirika la CABI, ulioanzishwa mwaka 2011, ulisaidia kufungua kliniki za mimea katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, ambako mkulima hufika na tawi lake kama mgonjwa anavyofika zahanati. Maofisa ugani na vyuo vya kilimo hupokea vielelezo pia. Wenye maua ya bustani wasione haya kwa kuwa hawana shamba.

Lakini jani moja lililokauka, lililobanwa ndani ya kitabu, halimwambii mtaalamu lolote. Kata tawi lenye majani machanga na ya zamani kwa pamoja, yaliyoanza kuugua na yaliyo mazima, na likunje katika karatasi kavu kabla ya kulitia mfukoni. Plastiki pekee hulowesha na kuozesha njiani. Chukua konzi ya udongo wa mizizini na vipande vya mizizi katika mfuko wa pili. Andika mmea uko umbali gani kutoka ukutani, unamwagiliwa maji ya wapi na mara ngapi, dalili zilianza tawi gani na mwezi gani, na kila kitu ulichokwisha kuunyunyizia, pamoja na ile chupa isiyo na jina.